Ombi la Fundi Lifti

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Naomba barua hii ikukute umeketi, si umesimama kwenye korido na faili mkononi, maana najua siku zako zilivyo. U mzima? Wifi yangu hajambo? Na mtoto je, kile kikohozi ulichonieleza mara ya mwisho kimemwacha? Sisi huku tuko salama, kwa kiasi cha watu waliotoka msibani. Shangazi bado yuko nami. Amegoma kurudi kwake mpaka nianze kula kama mtu, hayo ni maneno yake. Anapika kana kwamba waombolezaji bado wamejaa uani, kisha tunakaa wawili tu mezani tukitazamana. Miguu yake imevimba kidogo, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza ulisomea udaktari lini.

Utashangaa kuona karatasi, tena hizi za kliniki zenye picha ya jino juu. Nisamehe, ndizo nilizokuwa nazo mkobani. Ningeweza kukupigia, lakini ukipokea simu kazini unaongea kwa sauti ile ya ofisini, na haya siwezi kumwambia mtu mwenye sauti ile. Ujumbe wa simu nao mtu huusoma huku anavuka barabara. Nikaona bora niandike.

Kwanza kabisa, sikuandikii kukulaumu kwa kutokuja kumzika Baba. Shangazi ana lake la kusema, na majirani walishasema yao, ila mimi nilikuwepo siku ya msiba wa Mama. Nilisikia kwa masikio yangu Baba akikwambia mbele za watu kwamba mtoto anayefika mama yake akiwa ameshafukiwa si mtoto, na kwamba hata siku atakayokufa yeye usikanyage hapa. Niliuona uso wako. Wewe ulikuwa bado umeshika begi la safari. Kwa hiyo juzi uliponiambia kwa simu kwamba aliyekukataza amekufa bila kukuruhusu, na kwamba utamtii kwa mara ya mwisho, sikukusihi uje. Nilikata simu, nikaenda na Shangazi kuchagua jeneza.

Tangu ule msiba wa Mama uliniambia nisikutajie habari za Baba, nami nikatii. Ukaniambia pia nisimpelekee zako, si za kazi, si za ndoa, si za mtoto, nami nikatii. Nikawa kama ukuta wa nyumba ya kupanga, huku nasikia na kule nasikia, nami sisemi kitu. Ndiyo maana hujui hata kwamba Baba aliachishwa kazi.

Ni kweli, aliachishwa. Kampuni yao ya lifti ilibadilisha wamiliki mwaka jana. Wenye mali wapya wakaja na watu wao, wakawaita mafundi wa zamani mmoja mmoja, wakawashukuru sana, wakampa kila mmoja saa ya ukutani. Baba alikuja nayo kwapani, akaitundika chooni. Nilipomuuliza kwa nini chooni, akasema huko ndiko atakakokaa muda mrefu kuanzia sasa. Tulicheka. Kisha akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, na chai niliyomwekea ikapoa.

Wiki za mwanzo aliamka kama kawaida, akavaa ovaroli yake, akakaa sebuleni akiwa tayari kwenda mahali ambapo hapakuwepo tena. Baadaye akaanza kutoka. Sikujua anakokwenda mpaka siku moja mlinzi wa jengo letu, pale kliniki, alipopanda kuniambia kwa adabu kwamba mzee wangu yuko ndani ya lifti tangu asubuhi. Nilishuka. Mlango ulipofunguka nikamkuta Baba amesimama kwenye kona, kiganja kimoja ukutani, anasikiliza mota. Watu walikuwa wanaingia na kumtajia ghorofa wanayokwenda, wakidhani ndiyo kazi yake, naye anawabonyezea. Aliponiona akaniambia reli ya kushoto inalia, imekosa grisi, akauliza nani anaitunza siku hizi. Nikamshika mkono, tukarudi nyumbani kwa miguu. 

Hapo ndipo nilipoamua kumwingiza mitandaoni. Unajua mimi ndiye ninayeshughulikia kurasa za kliniki, napiga picha za watu wakitabasamu baada ya kung'olewa meno, kwa hiyo nilijiona mtaalamu. Nikamwambia Baba kwamba siku hizi kazi hazibandikwi ukutani, watu wanatafutana kwenye simu. Akauliza, kati ya mitandao yote hiyo, upi ndio wenye kazi? Swali zuri. Nikamwambia tutaijaribu yote, kila Jumamosi mchana nikitoka kazini.

Tulianza na Facebook kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Siku ileile wakamjia watu aliosoma nao, wengine akidhani walishakufa, na mmoja akamtumia picha ya timu yao ya mpira, Baba akiwa na nywele nyingi kama ufagio. Alifurahi kwa siku kadhaa. Kisha akaniambia kwamba pale ni pazuri, lakini ni kama ukumbi wa harusi, kila mtu anakusalimu na hakuna anayekuuliza unajua kufanya nini. Aliandika kwamba anatafuta kazi, akapewa pole nyingi na maua ya rangi tele. Kazi hakuna.

Tukahamia Instagram. Nikampigia picha ya mota moja aliyokuwa ameifungua kwa rafiki yake mwenye karakana, tena nikaipiga vizuri, shaba inang'aa. Aliyeipenda alikuwa muuza nywele za bandia. Baba akasubiri. Siku iliyofuata akaja mwingine, muuza keki. Akaniambia anashukuru sana, lakini hawa wawili wanakaa nyumba za chini, hawana haja na lifti.

Kwenye WhatsApp walikuwa na kundi lao, mafundi wote walioachishwa. Humo ndani ilikuwa salamu za asubuhi, picha za machweo, na video za watu wanaoteleza. Lakini siku nyingine, katikati ya mizaha hiyo, mtu anaandika kwamba kuna hoteli breki imegoma, nani yuko karibu? Mwenye mguu mwepesi ndiye anayepata. Kwa kweli, kaka, kama ni vibarua, vichache alivyopata vilitoka huko, kwa watu waliokuwa wanamjua na kumwita Mzee Grisi. Ila wote walikuwa na njaa moja, wanagombea mlango uleule. Baba aliona haya kumpita mwenzake mwenye watoto wadogo. Mara mbili niliona anaandika kwamba yuko mbali, naye amekaa pale sebuleni kwetu.

Mwisho tukaenda LinkedIn, ambayo yeye aliibatiza mtandao wa tai, maana kila picha ni mtu aliyefunga tai shingoni. Nikamweleza kwamba huko hakuna picha za harusi wala za keki, watu wanaweka kazi zao, vyeo vyao na shule zao, na waajiri wanapita humo wakitazama. Akavaa miwani, akasoma. Kisha akaniuliza kama hawa watu huwa hawafukuzwi kazi, maana kila mmoja anayo furaha kutangaza jambo. Akasema na yeye angependa kuandika kwamba anayo huzuni kutangaza. Nilicheka mpaka machozi, naye akacheka. Nadhani ilikuwa mara ya mwisho kumwona akicheka hivyo, kinywa wazi, jino la pembeni linaonekana.

Hakutaka kuweka picha ya uso wake. Akaweka ile mota. Jina nalo hakutaka kuweka lile tunalolijua, akaweka jina alilopewa utotoni na bibi yake, ambalo aliliacha alipoanza shule. Mimi mwenyewe sikuwahi kulisikia mpaka siku hiyo. Nilidhani ni aibu ya kutafuta kazi uzeeni, sikubishana naye. Nikamwandikia maneno ya kujieleza, kwamba ni mtaalamu mwenye ari, anayependa changamoto. Akayafuta yote. Akaandika kwa kidole kimoja kwamba ametunza lifti tangu ujana wake, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kuumia ndani ya lifti aliyoifunga yeye. Basi, hayo tu.

Niliamini kwamba ule mtandao hautamfaa. Nilimwambia waziwazi kwamba ule ni wa wasomi, yeye abaki na kundi la mafundi, kule angalau kuna vibarua. Lakini nilikosea. Wiki chache baadaye alianza kubadilika. Aliacha kabisa kwenda kupanda lifti za watu. Asubuhi alikunywa chai, akavaa miwani, akaketi karibu na dirisha na simu yake, akaandika, akafuta, akaandika tena. Nilipouliza kama niendelee kumpigia picha za mota za Instagram akasema hapana, huko kwenye tai kunatosha. Nilimuuliza amepata nini. Akasema kuna kijana mmoja msimamizi wa majengo anamshauri. Nikauliza ni kijana gani, wa wapi, maana matapeli ni wengi. Baba akanitazama juu ya miwani, akaniambia taratibu kwamba huyu si tapeli, ana malezi mazuri.

Siku moja, tukiwa tunaosha vyombo, akaniuliza bila sababu yoyote mtoto huanza kutembea akiwa na umri gani. Nikamwambia inategemea, wengine mwaka, wengine zaidi. Akauliza kama ni kawaida mtoto kuanza kwa kurudi kinyumenyume. Nikasema sijawahi kusikia. Akasema yeye amesikia yupo mmoja wa hivyo, akaendelea kukausha sahani, anatabasamu peke yake.

Kisha mwezi uliopita akaniambia ameitwa kwenye usaili. Yule kijana, kampuni yake inatafuta mtu mzima wa kusimamia mafundi lifti vijana, na amemwambia aende, wala asihofu umri. Usaili ulikuwa Jumatano, mji mwingine, safari ya basi ya nusu siku. Kaka, ungemwona! Alinyoa. Alitoa shati jeupe lililokuwa kabatini tangu msiba wa Mama, akanipa nimshonee kifungo. Akanunua kiatu kipya, kikambana, akatembea nacho ndani ya nyumba ili kizoee. Lakini pia alikuwa na hofu ambayo sikuielewa. Mtu aliyening'inia kwenye nyaya za chuma maisha yake yote anaogopa usaili? Jumamosi akaniuliza mtu akiingia ofisini kwa mwenyeji wake, mwenyeji akamtazama na kumfukuza, anapaswa kufanya nini. Nikamwambia nani atakufukuza Baba, wamekuita wenyewe. Akasema ni kweli, wameniita wenyewe.

Jumapili, kabla ya mchana, alikuwa anajaribu lile shati mbele ya kioo. Aliniita nimfungie vifungo vya mikono kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nilipofika alikuwa ameketi kitandani, uso umelowa jasho, anasema kifua kinambana kama kile kiatu. Dereva wa jirani alitupakia kwenye gari lake. Baba alilala kwenye mapaja yangu, akawa anataka kusema kitu, lakini pumzi haikutosha. Hospitali hatukuwahi. Walimpokea, wakamtazama, wakanirudishia miwani yake.

Mengine unayajua, maana jioni ile ndiyo niliyokupigia.

Sasa kaka, kama umesimama, tafadhali kaa.

Simu ya Baba sikuizima. Sijui kwa nini. Niliiacha juu ya kabati ikiwa na chaji, kama vile atatoka bafuni aiulizie. Ijumaa mchana mimi na Shangazi tulikuwa tunakunja nguo zake, simu ikalia. Nilidhani ni kundi la mafundi, maana walikuwa bado wanatuma pole. Haikuwa wao. Ulikuwa ni ule mtandao wa tai, na kwenye kioo kulikuwa na picha yako, kaka. Wewe, na kofia ngumu ya kazini, na jina lako kamili.

Nikakasirika. Nilidhani umeamua kumwandikia baada ya kufa, kama watu wanaoleta maua wakati hawakuleta maji. Nikafungua ili nikujibu vibaya. Ulikuwa umeandika hivi, naunakili kama ulivyo:

"Shikamoo mzee wangu. Jumatano tulikusubiri mpaka ofisi inafungwa. Nilikuwa nimemwambia mlinzi ukifika akulete moja kwa moja kwangu. Kimya chako kinanipa wasiwasi, si kawaida yako. Mimi mwenyewe nina msiba wa mtu wa karibu, akili haijatulia, lakini nimeona nikuulize. Uko salama? Kama unaumwa niambie uko wapi, nitakuja kukuona."

Jumatano ndiyo siku tuliyomzika.

Niliketi juu ya nguo zake nikasoma yote kutoka mwanzo. Shangazi alikuwa ananiuliza kuna nini, nikawa nasoma kwa sauti kidogokidogo mpaka na yeye akaketi.

Alianza kwa kukwambia ni fundi lifti aliyeachishwa, ameona unavyowaandikia watu ushauri wa kutafuta kazi, anaomba na yeye ushauri kidogo. Ulimjibu siku hiyohiyo. Ulimwambia asiandike umri wake, aandike majengo aliyoyahudumia. Ukamwambia neno lake kwamba hakuna aliyeumia ndani ya lifti yake ni zuri kuliko vyeti vyote, asikubali mtu alifute. Ulitaka kumpigia simu, akakukatalia, akasema masikio yake mazito. Baba! Aliyekuwa anasikia reli iliyokosa grisi kutoka ghorofa ya chini. Aliogopa ungeitambua sauti.

Mlizungumza karibu kila wiki. Kuna mahali alikuuliza kama una familia, ukamwambia una binti mmoja, umempa jina la marehemu mama yako, na kwamba ameanza kutembea kwa kurudi kinyumenyume na mama yake anakosa la kufanya kwa kucheka. Hakujibu siku ile. Alijibu kesho yake asubuhi, akasema jina hilo ni zuri sana.

Na kuna mahali ulimwambia kwamba baba yako pia ni fundi lifti, na ndiyo sababu huwezi kumnyima jibu fundi lifti yeyote, ingawa wewe na baba yako hamsemeshani. Nilipofika hapo niliweka simu chini, nikaenda kufua, nikafua nguo ambazo zilikuwa safi. Niliporudi, Shangazi alikuwa amefika mbele kuliko mimi, analia bila sauti, akanionyesha kwa kidole. Haya ndiyo aliyokujibu Baba, utayakuta kwenye simu yako, lakini nataka uyasome tena leo ukijua yanatoka kwa nani:

"Mwanangu, sisi wazee tuna midomo mibaya. Mtu anasema neno siku ya uchungu, kesho yake analitafuta alirudishe halipo. Huyo baba yako simjui, lakini kama alikufukuza alikosea, mimi nakwambia. Usikae na neno lake. Siku ukisikia lolote limempata nenda, usingoje kuitwa. Hata kama alikwambia usikanyage, kanyaga."

Nawe ukamjibu kwamba umemsikia, asante mzee, utafikiri.

Alikuita mwanangu, kaka. Wewe ulidhani ni vile mzee yeyote anavyomwita kijana yeyote. Kila mwisho wa ujumbe, mwanangu, mwanangu. Nami nilikuwa naosha vyombo pembeni yake.

Shangazi anasema angalijitaja mapema mngalizungumza. Mimi nadhani alijua kwamba akijitaja utaacha kujibu, na alikuwa ameshaonja kujibiwa. Nadhani Jumatano ndiyo alitaka kupanda hadi ofisini kwako, mlango ufunguke umwone, umfukuze au umkumbatie. Lakini hayo ni mawazo yangu, hakuwahi kuniambia.

Najua barua hii itakuumiza. Nimeshindwa kuamua siku kadhaa kama nikuandikie au nikuache. Ungebaki na mzee mmoja aliyekukataa, na mwingine aliyepotea tu mtandaoni, na huenda ungelala vizuri zaidi. Lakini yule mzee hakukukataa. Ulimsaidia kwa mwaka karibu mzima, tena wakati ambapo sisi wa nyumbani tulikuwa hatujui la kumfanyia. Ulimrudisha kwenye shati jeupe. Alikufa akiwa mtu anayesubiriwa mahali fulani. Hicho ulimpa wewe, na nimeona huna mtu mwingine wa kukwambia.

Kwenye simu yake sikukujibu. Nilianza mara nyingi, nikashindwa hata kuandika salamu, kwa sababu ningeandika kwa jina lake na kwa picha ya mota yake, nawe ungefurahi kwanza kabla ya kusoma. Hilo nisingeweza kukufanyia.

Basi jibu lako ni hili. Ulimuuliza yuko wapi, ukasema utakuja kumwona. Yuko huku kwetu, kaka, upande wa kulia wa Mama, udongo bado haujakaa sawa. Aliyekukataza kukanyaga amekwambia kanyaga. Njoo.

Mfikishie wifi salamu zangu nyingi, mwambie namshukuru kwa jina alilokubali mtoto aitwe. Binti yetu mbusu mashavu yote mawili, moja langu na moja la babu yake. Shangazi anakusalimu; alikuwa ameapa hatakusalimu kamwe, na sasa hivi amenisogelea kuangalia kama nimeiandika salamu yake. Amenituma nikuambie usije na basi la usiku, na ukifika usibishe hodi.

Mimi,
mdogo wako wa pekee